Wimbo Uliomtaja Mama

Juzi nilimnunulia mwanangu godoro. Kijana wa duka alipochana plastiki kwa wembe, ile harufu ya sponji mpya, kali na tamu kwa pamoja, ilinipanda puani nikashika ukuta. Mume wangu alidhani ni presha. Nilimwambia ni joto tu, kwa sababu sikujua nianzie wapi kumweleza kwamba hiyo ndiyo harufu ya baba yangu, na kwamba mtu aliyekulia nyuma ya duka la magodoro kama letu hawezi kuinusa bila kusikia ngoma.

Tulikaa Rongo, kando ya barabara kuu, pale ambapo malori ya kwenda Migori hupunguza mwendo. Baba alikuwa Mswahili wa Malindi. Alikuja kumsaidia shemeji yake biashara, shemeji akarudi pwani, yeye akabaki na duka na kofia yake ya mkono. Mama alikuwa mtu wa Kisegi, kule Suba, na kabla ya kuolewa alikuwa akinunua samaki kwenye mitumbwi na kuwapeleka sokoni. Alipoolewa alisilimu akaitwa Amina. Pale Rongo watu walimwita Amina, au Mama Zaina kwa ajili yangu mimi. Jina lake la kuzaliwa, Atieno, lilibaki Kisegi kwa nyanya, mama yake, na sisi tulilisikia tu nyanya alipopiga simu na kupaza sauti kana kwamba anatuita kutoka ng'ambo ya ziwa.

Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Dholuo yangu, lugha ya kwao Mama, ilikuwa ya uwanja wa shule, ya kuombea zamu ya kuruka kamba na kutukania kidogo. Ya Baba ilikuwa ya kuuzia godoro: salamu, bei, asante, karibu tena. Zaidi ya hapo alitabasamu. Alikaa mji ule miaka mingi akitabasamu mahali ambapo wengine walijibu, na bado wenyeji walimwita Mswahili, si kwa ubaya, ila vile unavyoita gari kwa rangi yake.

Lakini nyimbo za watu wale alizipenda kuliko wao wenyewe. Mlangoni mwa duka aliweka spika kubwa nyeusi, na hakutaka kupiga humo wimbo ambao redio zimeshauchosha. Alitaka nyimbo za watu wasiojulikana: kijana aliyejirekodi Homa Bay kwenye chumba chenye trei za mayai ukutani, mchimba dhahabu wa Osiri aliyeimba huku wenzake wakiponda mawe nyuma yake. Watu kama hao hawakuwa na kampuni wala meneja. Walipeleka wimbo wao kwa mkono, mji hadi mji, na pale Rongo waliupeleka kwa Stivo.

Mliokuwa watoto wakati ule mnawajua akina Stivo. Alikuwa na kompyuta moja kwenye veranda, ndani ya kizimba cha waya kama cha kuku, na kazi yake ilikuwa kukuwekea nyimbo kwenye memori kadi ya simu. Ijumaa, Baba akitoka msikitini, alinishika mkono tukaenda kwa Stivo kusikia kilichoingia. Kwangu mimi hakukuwa na saa nyingine ya wiki iliyoizidi ile. Baba alifumba macho, akainamisha kichwa upande wa sikio zuri, na vidole vyake vikaanza kugonga waya. Nikimuuliza anachosema mwimbaji alicheka.

"Maneno siyajui, mwanangu. Lakini sikiza ile ngoma. Ngoma haiwezi kukudanganya."

Mwaka mmoja nyanya alianguka akavunjika nyonga, na Mama akaenda Kisegi kumuuguza. Mimi niliachwa kwa sababu ya shule. Wiki zikapita. Baba aliunguza wali, akanisuka nywele zikasimama kama majani ya mananasi, na jioni alikaa mlangoni akitazama upande wa stendi ingawa alijua Mama haji siku hiyo.

Ijumaa moja tulimkuta Stivo na vijana wengine kwenye kizimba. Walikuwa wakicheka, na walipotuona wakaacha.

"Mswahili," Stivo akasema, "kuna moja imeingia jana kutoka Homa Bay. Huyu jamaa anaitwa Ouko Tung'. Hujawahi kusikia mtu kama huyu."

Akaiweka. Ilikuwa ohangla, ngoma zile ndefu zinazopigwa kwa fimbo hadi tumbo lako nalo linaanza kuitikia. Kinanda kikaingia juu yake. Kisha sauti ya mwanamume, nyembamba, safi, isiyo na haraka, ikaita: Atieno nyar Kisegi. Atieno binti wa Kisegi.

Baba alifumbua macho.

"Zaina! Umesikia?"

Nilisikia. Nilisikia Atieno, nikasikia Kisegi, nikasikia rech, samaki, mara nyingi, na wendo, mgeni. Mengine yalipita juu ya kichwa changu. Lakini nilijua jambo moja kuhusu nyimbo zile, nililokuwa nimelijua tangu nikiwa mdogo: mtu akitajwa jina ndani ya ohangla, anasifiwa. Tulikuwa tumesikia wakitajwa wabunge, wakuu wa shule, wenye malori. Sasa alitajwa mama yangu. Nilimwambia Baba kwamba wanamsifu Mama kwa samaki wake, na kwamba mgeni ni yeye Baba.

"Ni hivyo?" Baba akamuuliza Stivo.

"Enyewe wanamsifu," Stivo akajibu akiangalia kompyuta. Kijana mmoja alizunguka nyuma ya kizimba akakohoa kwa muda mrefu.

Jioni ile ile wimbo ulikuwa mlangoni mwetu, na kuanzia hapo duka likajaa. Watu waliokuwa wakipita upande wa pili wa barabara walivuka. Wanawake walijifunika midomo kwa leso, mabega yakiwatikisika. Waendesha boda walizima pikipiki wakacheza hapo hapo vumbini, na mmoja wao akamkumbatia Baba akamwinua juu.

"Mswahili, rudisha! Rudisha hiyo ya bibi yako!"

Baba alirudisha. Alirudisha mara ngapi sijui. Alicheza nao, kanzu ameikunja mkononi, akiitikia kiitikio kwa maneno aliyoyavunja vunja, na kadiri alivyoyavunja ndivyo walivyozidi kufurahi. Kabla ya hapo hawakuwahi kumshika mkono namna ile. Hawakuwahi kumwita kuja kukaa nao. Usiku wa kuamkia Jumamosi moja aliniambia, akinifunika shuka, kwamba sasa ameanza kuwa mtu wa hapa. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, si kabla ya hapo wala baadaye.

Jirani yetu alikuwa Mama Naomi, Msabato, muuza maharagwe na mahindi. Yeye hakucheza. Siku moja alisimama kati ya milango yetu miwili, unga mikononi.

"Baba Zaina, hiyo wimbo haifai."

"Ah, Mama Naomi! Kwenu nyie kila ngoma haifai."

"Si mambo ya kanisa."

"Basi ni mambo ya nini?"

Alinitazama mimi. Akawatazama wateja, nao wakamtazama yeye, na mmoja akatikisa kichwa kidogo sana.

"Uliza mwenye lugha," Mama Naomi akasema.

"Mwenye lugha ni mke wangu!" Baba akacheka. "Na anarudi wiki ijayo."

Mama Naomi akaingia dukani kwake. Tangu siku hiyo alifungua ubao mmoja tu wa mlango wake, ule wa upande wa mbali nasi.

Shuleni nilikuwa malkia. Wasichana wa madarasa ya juu walinizunguka wakati wa mapumziko wakaniomba niwaimbie ile ya mamangu. Niliimba, wao wakaanguka kwenye nyasi wakishikana mbavu, na mimi nikainama kama nilivyoona waimbaji wanavyoinama.

Waimbaji wale walikuwa na desturi ya kutaja nambari yao ya simu mwisho wa wimbo, ili mwenye harusi au matanga awaite. Baba aliinakili mkononi kwa kalamu. Alipiga akiwa ameegemea kaunta, simu ameiweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Mimi ni mume wa Atieno," alisema. "Atieno wa Kisegi, wa kwenye wimbo wako."

 Upande wa pili tukasikia mtu akivuta pumzi.

"Mume wake? Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe! Anarudi Jumapili. Nataka uje umwimbie hapa dukani. Nataka ashtuke."

"Niimbe hiyo? Mbele yake?"

"Mbele yake na mbele ya mji mzima."

"Sawa, mzee," ile sauti safi ikasema. "Kwa wimbo huo nitakuja hata bure."

Baba alikata simu, machozi yakimlengalenga. "Umewaona watu wa mama yako, Zaina? Bure!"

Jumapili mchana Ouko Tung' alifika na wapiga ngoma wake. Nilitarajia jitu. Alikuwa mwanamume mwembamba, kofia nyeupe, shati limepigwa pasi hadi mistari ya mikono imesimama. Alimpa Baba mkono kwa mikono yote miwili, akanipa peremende, akauliza choo kiko wapi kwa adabu. Baba alikuwa ametandaza verandani godoro kubwa kuliko yote, lenye maua mekundu, akaweka kiti pembeni yake na kukifunika kitambaa, kama kiti cha bibi harusi. Watu walikuwa wameziba barabara hadi upande wa pili. Wengine walikuwa juu ya lori la miwa. Simu zilikuwa zimeinuliwa.

Mama alishuka kwenye matatu upande wa pili wa barabara. Alikuwa amekonda. Mkono mmoja alishika mfuko, mwingine kikapu, na alipouona umati ule mbele ya duka letu alidhani mtu amekufa. Aliachia vyote pale kwenye lami akakimbia.

"Zaina! Zaina wangu ako wapi?"

Watu walimpisha, wakitabasamu. Alinikuta nimesimama karibu na kiti, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanipapasa mashavu, akaona niko mzima. Kisha akainua macho akamwona Ouko, na ngoma zikaanza.

Ouko aliuimba wote. Aliuimba vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Hakuharakisha, hakurukaruka, alisimama hatua chache kutoka kwa mama yangu na kumwimbia usoni, na pale kwenye jina lake alivuta sauti hadi mishipa ya shingo ikaonekana. Waliokuwa nyuma walicheka bila kujificha. Waliokuwa mbele hawakumwangalia mwimbaji, walimwangalia Mama. Baba alipiga makofi, naye akimwangalia Mama, akingoja acheke. Mimi nilikuwa nimemshika gauni, na kwa mkono ule nilihisi mwili wake ukikakamaa kidogo kidogo, kuanzia chini kwenda juu.

Wimbo ulipokwisha Mama alinyoosha mkono. Ouko alimpa kipaza sauti, kwa kuwa ndiyo desturi: aliyesifiwa huomba kushukuru.

"Baba Zaina," Mama alisema kwa Kiswahili. Sauti yake ilitoka kwenye spika kubwa, tulivu. "Unajua umeniitia nini?"

"Wanakusifu, mama!"

"Nitakufasiria."

Akamgeukia yeye peke yake, kana kwamba wako jikoni.

"Anasema: Atieno binti wa Kisegi, hakuna mtumbwi usiomjua."

"Anasema: samaki aliyepita kila mkono hauzwi kwao, anapelekwa mbali."

"Anasema: mgeni alitoka huko baharini, pua yake haijui kazi. Akauziwa samaki aliyelala, akaambiwa ni wa leo."

"Anasema: mgeni, kula polepole. Minofu tulimaliza sisi tuliotangulia. Uliyobakiziwa ni miiba."

Kicheko kilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma. Kwa Dholuo ulikuwa wimbo, una ngoma, una utani, una mahali pa kuweka mguu. Kwa Kiswahili, bila ngoma, ulikuwa matusi kwa mwanamke aliyesimama na vumbi la safari miguuni. Na sasa waliuelewa hata wale ambao hawakuwa wamewahi kuuelewa: wanawake wa Kisii waliokuja kuuza ndizi, askari wa trafiki, walimu waliohamishiwa hapo kutoka mbali. Ouko alivua kofia yake nyeupe, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Baba alikuwa amesimama kinywa wazi.  Nilimngojea. Nilijua, kwa ujuzi wa mtoto ambao hauna shaka, kwamba sasa baba yangu atampiga yule mtu. Badala yake alimsogelea Mama, karibu sana, akashusha sauti ili pawe na siri yao wawili. Lakini kipaza sauti kilikuwa katikati yao.

"Ni kweli?"

Spika aliyoinunua mwenyewe iliyatoa yale maneno mawili ikayapeleka hadi stendi.  Kisha kule juu ya lori la miwa mtu mmoja akasema "Eeeh!" na barabara yote ikapasuka kwa kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena, kicheko cha watu waliokuwa wameanza kuona aibu, na sasa wameondolewa aibu hiyo.

Mama alikitazama kipaza sauti, akatafuta kidude chake cha kuzimia, akazima. Akamrudishia Ouko. Akaingia ndani kupitia dukani, na mimi nyuma yake. Kikapu na mfuko aliviokota Mama Naomi, akavileta kimya kimya hadi mlango wa nyuma.

Jioni tulikula bila taa ya sebuleni, kwa mwanga wa jikoni. Baba alikuwa hajagusa sahani.

"Nilishtuka tu, Amina."

"Nimekufulia. Nimekuzalia. Nimeswali nyuma yako," Mama akasema. "Na kitu cha kwanza kukutoka ni hicho."

"Basi sema siyo kweli. Sema tu, yaishe."

"Kama mpaka niseme, basi hayajaisha."

Baba akainuka akatoa memori kadi kwenye simu yake, akaenda nayo uani, tukasikia mlango wa choo. Mimi niliona mambo yamekwisha. Akili yangu ilikuwa imekata kauli kwamba ubaya ulikuwa ndani ya kile kijiplastiki, na sasa kiko shimoni. Na kwa kweli siku chache zilizofuata zilikuwa karibu na za kawaida. Ouko alikuwa amerudi kwao. Spika ilikuwa imeingizwa stoo. Mama alimwekea Baba chai asubuhi, Baba alimwambia asante, na mara moja nilimwona Mama akimnyofoa uzi begani.

Halafu Stivo akatoa wimbo.

Miaka yote ile alikuwa muuzaji wa nyimbo za wengine. Kumbe naye alitaka kuwa mwimbaji, au mtengenezaji, na hakuwa amepata cha kuimba. Siku ile mbele ya duka alikuwa amerekodi kila kitu kwa simu. Akakaa kwenye kizimba chake akakata sauti, akaisafisha, akaweka ngoma chini yake. Mimi niliusikia mara ya kwanza kutoka kwa boda iliyopita nikienda shule. Mguu wangu ulianza kucheza kabla akili haijafika. Ulianza kwa sauti ya mwanamke, tulivu, iliyo peke yake: Nitakufasiria. Ngoma ikadondoka. Kisha mwanamume, kama aliye chini ya maji: Ni kweli? Ni kweli? Ni-ni-ni-ni kweli?

Ulikuwa wimbo mzuri. Huo ndio ukatili wake. Ule wa Ouko ulikuwa wa Dholuo na ungebaki kati ya wenye lugha. Huu ulikuwa wa Kiswahili, maneno machache, hata mtoto wa chekechea angeushika. Ulikwenda Migori mjini ndani ya wiki. Ulifika Osiri, wachimbaji wakawa wanaupiga kwa simu mle mashimoni. Ulivuka hadi kwa Wakuria. Darasani kwetu upande mmoja uliuliza kwa pamoja, "Ni kweli?" na upande wa pili ukajibu, "Kweli!" na mwalimu akaingia akiuma midomo asicheke.

Baba alikwenda kwa Stivo. Alinichukua, sijui kwa nini, labda kwa mazoea, kwa sababu ilikuwa Ijumaa. Alishika waya wa kizimba kwa vidole vyote.

"Stivo, mwanangu, uondoe. Nakuomba."

"Baba Zaina, mimi nimetukana nani?" Stivo alisema, na sidhani alikuwa akifanya dhihaka. Alionekana kushangaa kweli. "Hiyo ni sauti yako. Si mimi nilisema."

Baba aliachia waya. Tulirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Mtu anaweza kukosea neno mara moja na nyumba ikastahimili. Lakini baba yangu hakusema mara moja. Kila boda iliyopita na ule wimbo, alimuuliza Mama tena. Alimuuliza kutoka kwa kinyozi, kutoka kwa muuza mitumba, kutoka kwa gari la matangazo ya mkutano wa siasa. Mama alikuwa na namna ya kusimamisha mkono juu ya sufuria hadi sauti ipite, kisha akaendelea kukoroga. Baba naye akawa anaondoka chumbani aliko Mama, asiwepo ikiulizwa.

Hakukuwa na ugomvi siku tuliyoondoka. Ilikuwa adhuhuri, Baba yuko msikitini. Trekta la miwa lilipita likiupiga ule wimbo, na dereva hata hakutuangalia, hakujua sisi ni nani, alikuwa tu mtu anayependa wimbo. Mama alicheka, kicheko kifupi, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Zaina," akasema, "leta viatu vyako."

Tulikwenda Homa Bay. Mama alirudia samaki, akarudia jina la Atieno. Wimbo ulikuwa umeshatutangulia. Wiki za kwanza watu walikuja mezani kwake kumwona tu. Jamaa mmoja alimwinulia simu akamwomba aseme ile "Nitakufasiria" yake. Mama alisema, bila kubadilisha uso, na yule mtu akanunua samaki mzima wa mbuta. Aliposhindwa kuwafukuza alikubali kuwauzia. Nilihamia shule ambako walinijua kabla sijataja jina, na humo ndimo nilimojifunza Dholuo vizuri, kwa njia ambayo simtakii mtoto yeyote.

Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza kuhusu Ouko. Alikuwa akiparua magamba, na aliniambia bila kusimamisha kisu. Ouko alikuwa akisaidia kwenye mitumbwi Kisegi, akipiga ngoma kwenye mtungi wa plastiki. Alimtumia wazee nyumbani kumposa. Mama alikataa, na siku Ouko alipokuja mwenyewe kumuuliza sababu, Mama alimcheka mbele ya wenzake, kwa kuwa alikuwa amevaa shati la shule la ndugu yake mdogo, limembana kwapani.

"Nilimcheka sana," alisema. "Wasichana wote tulimcheka. Ndiyo hivyo tu."

Nilikuwa na swali mdomoni, lile lile la Baba. Nililimeza. Mama alikuwa ameinua macho, na aliniangalia koo hadi lilipokwisha kushuka.

Baba alikuja mara moja tu. Nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita, ndevu zimeingia mvi, na alisimama mbele ya meza ya samaki akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Wanawake wa meza za jirani walimtambua wakaacha kupunga nzi. Alivuta pumzi, akaanza kuzungumza Dholuo.

Si ile ya kuuzia godoro. Ilikuwa Dholuo ya mtu mzima, yenye heshima zake, na lafudhi ya pwani ikiteleza juu yake. Alimwita Atieno nyar Kisegi, akalitamka jina lile polepole na kwa usahihi. Alisema alikuwa kiziwi aliyejidai ana masikio. Alisema swali lile hakulitoa moyoni, lilitoka kwenye aibu, na aibu yake ilikuwa ndogo kuliko ile aliyompa. Alisema nyumba bado ni yake. Mwisho akasema ng'wonna, nisamehe, akarudia tena, na sauti ikamkatika. Mwanamke wa meza ya pili alijifuta macho kwa kona ya leso. "Atieno," alinong'ona, "ongea na mzee."

Mama alisikiliza yote. Hakumkatiza. Alipoona amemaliza alifuta kisu kwenye aproni, upande huu na upande huu, akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo kila mtu sokoni angeisikia.

"Umejifunza vizuri, Baba Zaina. Ni nani alikufundisha?"

"Mama Naomi," Baba akajibu.

"Mshukuru."

Kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa akingoja nyuma ya Baba na beseni lake. "Nikukatie kichwa, ama nikuachie?"

Yule mwanamke hakujua aangalie wapi. Alinyoosha beseni, lakini meza haikufikika, Baba alikuwa katikati. Baba akaona. Akasema samahani, akasogea kando, akampisha.